Kurekebisha Kithembe: Kuurudisha Ulimi Mahali Pake na Kusema Bila Kujificha

Katika Kiswahili ni vigumu kukataa jambo bila kupita kwenye s. Sitaki. Siwezi. Sijui. Siendi. Nafsi ya kwanza ya umoja ikikanusha, s hutangulia, na mwenye kithembe hulijua hilo kabla hajafundishwa sarufi. Mimi nililijua nikiwa mtoto. Kila ilipofika s ulimi wangu ulichungulia nje ya meno, wenzangu wakaniiga, nami nikajifunza kukwepa. Badala ya "samahani" nikasema "niwie radhi". Badala ya "asante", "nashukuru". Nyumba ya sita niliielekeza kwa kusema "ile inayofuata ya tano". Na mara nyingi mno niliitikia "ndiyo" mahali nilipotaka kukataa, kwa sababu "ndiyo" haina s.

Kithembe chenyewe ni ulimi kukaa milimita chache nje ya mahali pake. Kilichonigharimu zaidi ni maneno niliyoyaacha. Kwa hiyo mwongozo huu una kazi mbili, ya ulimi na ya moyo, nami nakuomba uzianze siku moja. Ukingoja s inyooke ndipo uanze kusema, utangoja sana.

Tujue kwanza tunachorekebisha

Mtu anapotamka s sawasawa, meno ya juu na ya chini hukaribiana hadi karibu kugusana. Kingo za ulimi, kushoto na kulia, huinuka na kubana kwenye magego ya juu, zikiziba pembeni. Katikati ya ulimi hubaki mfereji mwembamba, hewa hupita humo, ikagonga meno ya mbele na kutoa mlio kama wa tairi linalovuja. Ncha ya ulimi ina uhuru wake. Wapo wanaoiinua nyuma ya meno ya juu, karibu na ufizi bila kuugusa, na wapo wanaoilaza nyuma ya meno ya chini. Zote mbili ni sahihi, kwa hiyo usihangaike kuiga ncha ya mwenzako. Z ni s hiyo hiyo, ila koo hutetema. Weka vidole kooni useme "sss", kisha "zzz", utausikia mtetemo ukiingia.

Kithembe hutokea pale kimojawapo cha hivyo kinapokosewa. Kinachojulikana zaidi ni cha ulimi kutoka kati ya meno: s inageuka th, z inageuka dh, na "sasa" inasikika "thatha". Kingine ni cha ulimi kusukuma meno kwa ndani. Hauonekani nje, lakini s inakuwa butu, kama imefunikwa kitambaa. Cha tatu ni cha pembeni: hewa haipiti katikati, inavujia kwenye mashavu, na mlio unakuwa wa majimaji, kama mtu mwenye mate mengi. Hiki mara nyingi huharibu pia sh, ch na j. Kipo pia cha ulimi kurudi nyuma mno hadi s ikaribie sh, lakini ni nadra.

Mtu anayesema "zambi" kwa "dhambi" hana kithembe. Lugha aliyoanza nayo utotoni huenda haina dh, basi ulimi wake unatumia ulichonacho. Na kigugumizi ni jambo jingine kabisa: hapo neno hukwama au kujirudia, na namna ya kukishughulikia ni tofauti na haya nitakayoeleza.

Hatua ya 1: Jirekodi, uijue aina yako

Chukua simu, iweke karibu na mdomo, usome kwa sauti yako ya kawaida:

*Saa sita na nusu Zuhura alisimama sebuleni akazima taa zote. Msichana mmoja alisoma kisa kizima bila kusita. Chumba chote kilinyamaza, kikasikiliza.*

Kisha zungumza kwa dakika moja juu ya jambo lolote bila kusoma. Watu wengi hutamka vizuri zaidi wakisoma, na unahitaji kuisikia sauti yako isiyojilinda. Itakuudhi. Sauti yako huwa unaisikia ikipita pia kwenye mifupa ya kichwa, na kwenye rekodi mifupa haimo, ndiyo maana inasikika nyembamba na ngeni. Kila mtu huona hivyo, awe na kithembe au asiwe nacho. Usiifute rekodi hiyo, utaihitaji miezi mitatu baadaye.

Sasa simama mbele ya kioo, vuta "sss" ndefu. Ukiuona ulimi kati ya meno, umepata jibu. Usipouona, chukua mrija wa kunywea, uweke mbele ya meno ya katikati, vuta "sss" tena, kisha uhamishe mrija taratibu kulia na kushoto. Mahali mlio unapovuma ndani ya mrija ndipo hewa inapotokea. Ukivuma katikati, hewa yako inapita njia yake. Ukivuma pembeni, una kithembe cha pembeni.

Hatua ya 2: Uhakikishe mwili haukuzuii

Kithembe kingi ni mazoea tu, lakini usipigane na mwili bila kuukagua. S ni sauti ya juu sana. Nguvu yake kubwa iko kati ya hezi (yaani mitetemo kwa sekunde) 4,000 na 8,000 hivi, na mtu aliyepoteza usikivu wa sauti za juu anaweza kuwa hajawahi kuisikia s kamili. Kama huwa unaomba watu warudie maneno, pima masikio kabla ya yote. Kama meno yako ya mbele hayakutani ukifunga mdomo, au uliendelea kunyonya kidole miaka mingi, mwone daktari wa meno. Kama pua huziba daima na unapumulia mdomo, ulimi huzoea kukaa chini na mbele, na hilo lina daktari wake.

Utando wa chini ya ulimi huwa unalaumiwa haraka. Wapo wenye utando mfupi wanaotamka s bila kasoro, kwa kuwa ncha ya ulimi inaweza kufanya kazi ikiwa imelala chini. Usikubali ukatwe kwa sababu ya s peke yake kabla mtaalamu wa matamshi hajautazama ulimi wako ukifanya kazi.

Na kama kithembe kimekuanza ghafla ukubwani, bila meno kubadilika wala kuumia mdomo, acha mwongozo huu uende hospitali mara moja. Usemi unaobadilika ghafla unaweza kuwa dalili ya ubongo kukosa damu.

Hatua ya 3: Fundisha sikio kabla ya ulimi

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na mimi niliiruka mwaka mzima. Ulimi hauwezi kuifuata sauti ambayo sikio halijaitofautisha.

Hapa Kiswahili kimetupendelea. Zipo lugha nyingi zisizo na th wala dh, lakini sisi tunazo pamoja na s na z, tena zinabeba maana tofauti. *Samani* ni vyombo vya nyumba, *thamani* ni kima cha kitu. *Zana* ni kifaa, *dhana* ni wazo. *Kazi* unaifanya, *kadhi* anakuamua. Mwombe mtu unayemwamini ayasome maneno haya bila mpangilio huku ameficha mdomo, nawe useme umesikia lipi. Ukipata tisa kati ya kumi, mbadilishane: wewe utamke, yeye aseme amesikia lipi. Utakosea sana, na ndiyo kazi ya siku hizo. Mwenye kithembe cha pembeni ajaribu *sindano* na *shindano*, *kisa* na *kisha*, *soka* na *shoka*.

Halafu rudi kwenye rekodi yako, uisikilize s moja moja, uweke alama kwenye zilizotoka vizuri. Karibu kila mtu anazo chache zilizonyooka bila yeye kujua. Hizo ni mbegu. Angalia zilikuwa kwenye neno gani, baada ya irabu gani.

Hatua ya 4: Itafute s yako

Usianze na maneno. Maneno yana mazoea ya zamani ndani yake. Tafuta mlio mtupu, "sss", kwa mojawapo ya njia hizi tatu.

Njia ya kwanza ni ya *t*. Piga t-t-t-t haraka, meno yakiwa yamekaribiana, usikilize ncha ya ulimi inavyogonga ufizi nyuma ya meno ya juu. Ya mwisho usiikate, iache ivuje: t-t-t-tssss. Rudia hadi ule mkia uwe mrefu na safi, kisha uvute mkia peke yake bila t. Kwa wengi wenye ulimi unaochungulia hii ndiyo njia fupi zaidi. Ila tazama kioo: kama hata t yako inatoa ulimi nje, hamia njia ya pili.

Njia ya pili ni ya *i*. Sema "iiii" kwa tabasamu. Utahisi kingo za ulimi zimegusa magego ya juu pande zote mbili. Mahali hapo hapo ndipo s inapopataka. Bila kuhamisha ulimi, funga meno polepole, zima sauti ya koo, puliza: iiii-ssss. Njia hii ndiyo iliyonifungulia mimi. Nilikaa na "iiii" siku nne, nikidhani ninapoteza wakati, siku ya tano s ikatoka yenyewe nikiwa naoga.

Njia ya tatu ni ya mwenye kithembe cha pembeni, nayo inaanza mahali usipotarajia: kwenye *th*, sauti ile ile mwenzake anayoikimbia. Th hupitisha hewa katikati, na hicho ndicho anachokikosa. Vuta "thhhh" ndefu, mrija ukiwa mbele ya meno ya katikati uhakikishe hewa inaingia humo. Kisha urudishe ulimi ndani taratibu, kama konokono anayeingia kombeni, bila kukata pumzi, hadi meno yakutane. Mahali fulani njiani th itageuka s. Aina hii ni sugu kuliko nyingine. Kama kuna mtaalamu wa matamshi unayeweza kumfikia, hata kwa simu ya video, mwendee. Atakachokiona kwa nusu saa wewe unaweza kukitafuta miezi.

Njia yoyote utakayoshika, puliza kidogo. Anayepuliza kwa nguvu hukaza taya, na taya likikazwa ulimi hukimbilia mbele. S inataka pumzi ndogo iliyoelekezwa.

Utaambiwa upulize maputo, usukume kijiko kwa ulimi, au useme ukiwa umeuma penseli. Sina imani na mazoezi hayo. Ulimi wa mwenye kithembe hauna udhaifu, unameza na kutafuna vizuri. Unachohitaji ni kuzoea njia nyingine, na njia ya s huzoewa kwa kutamka s. Kuna kisa cha kale cha Demosthenes wa Athens, msemaji wa karne ya 4 KK, kwamba alijizoeza kuhutubia akiwa na vijiwe mdomoni. Vijiwe viacheni huko. Mbali na hatari ya kukabwa, vinaufundisha ulimi kukwepa mawe.

Hatua ya 5: Panda ngazi bila kuruka

Wataalamu wengi bado hufuata mpangilio uliojengwa na Charles Van Riper wa Marekani katika karne ya 20, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa na kigugumizi: sikio, mlio mtupu, silabi, neno, sentensi, kisha mazungumzo. Usipande ngazi inayofuata mpaka upate tisa kati ya kumi kwenye hii uliyopo.

Silabi zianze hivi: ssss-a, ssss-e, ssss-i, ssss-o, ssss-u, ukivuta s kwanza ndipo uachie irabu. Anza na irabu inayokupa s nzuri zaidi. Kisha asa, ese, isi, oso, usu. Silabi za Kiswahili nyingi huishia na irabu, na huo ni msaada mkubwa, kwani s karibu daima ina mahali pa kutua. Zile s zilizobanwa na konsonanti nyingine, kama *mstari*, *desturi*, *askari*, *starehe*, ziweke mwisho.

Maneno yawe mafupi na ya kila siku: saa, sasa, sita, sauti, pesa, kisu, nafasi. Z ifuate baadaye, na haitakuchukua muda mrefu: vuta s iliyokwisha nyooka, washa koo, umepata z. Zizi, kizazi, zaidi, uzuri.

Kwenye sentensi nimejitungia hizi, nazo bado nazitumia:

*Sasa sisi sita tusisite.*
*Kazi ya kadhi si kazi rahisi.*
*Thamani ya samani si siri.*
*Zuhura aliuza zulia zuri kwa Aziza.*

Zisome polepole, kama unayesoma barua kwa mzee. Ukizikimbiza, ulimi unarudi ulikozoea.

Dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, ni bora kuliko saa nzima kila wiki. Ukikosea mara tatu mfululizo, shuka ngazi moja. Kulirudia kosa ni kulifanyia mazoezi.

Hatua ya 6: Itoe s chumbani

Hapa wengi hukwama. S inang'aa mbele ya kioo, ukikaa na watu kithembe kinarudi, unakata tamaa. Ni kawaida, kwa sababu katika mazungumzo akili iko kwenye habari, haiko kwenye ulimi.

Dawa yake ni kuchagua neno moja. Mimi nilichagua "sawa", neno ninalolitamka mara nyingi kwa siku bila kufikiri. Wiki nzima nililinda "sawa" peke yake. Maneno mengine yote niliyaacha yatoke yanavyotaka. Wiki iliyofuata nikaongeza "sana", kisha "asante". Baada ya maneno kama saba hivi, mengine yalianza kuyafuata bila kuitwa. Kwa mtu mzima hesabu miezi, usihesabu wiki.

Na moyo je?

Andika orodha ya maneno unayoyakwepa. Wewe unayajua. Kila siku rudisha moja, hata kama s yake bado ni mbovu. Mimi nilianza na "sitaki", nikikataa vitu vidogo: kuongezewa maji, kukaa kiti cha mbele. Nilitetemeka. Aliyeniuliza akasema "haya" akaendelea na mambo yake, na hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyojibebesha mzigo ambao wengine hata hawauoni.

Ukiogopa simu, jua kwamba laini za kawaida kwa miaka mingi zimepitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Sehemu kubwa ya s haimo humo. Kwenye laini hizo kila mtu ana s iliyokatwa, ndiyo maana hata watangazaji huulizwa "umesema s au f?" Simu ni mahali pazuri pa kuanzia ujasiri, na kwa sababu hiyo hiyo ni mahali pabaya pa kupimia matamshi.

Kabla ya kikao au hotuba, ikariri sentensi ya kwanza, na uhakikishe ina s. Ukiitoa s mwanzoni, huna tena siri ya kulinda. Vuta pumzi kwenye nukta, usingoje iishe katikati ya maneno, kwa kuwa pumzi ikiisha tunaharakisha, na tukiharakisha ulimi unateleza. Ukipenda, sema wazi: "Nina kithembe, nikikupotea niulize." Nimeitumia sentensi hiyo mbele ya watu wengi. Haijawahi kunipunguzia heshima.

Winston Churchill alikuwa na shida ya s maisha yake yote. Hotuba zake za wakati wa vita, baada ya kuwa waziri mkuu wa Uingereza mwaka 1940, zilisikilizwa redioni na mamilioni ya watu, na alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1953 ufasaha wake wa kuhutubia ulitajwa pia. Meno yake ya bandia yalitengenezwa makusudi yasiibadilishe namna yake ya kusema. Watu walikuwa wameizoea sauti hiyo, wakaiamini.

Anayekuiga, mtazame machoni, umalizie sentensi yako kwa mwendo ule ule. Usicheke naye ili yaishe. Nilicheka miaka mingi, hayakuisha.

Kwa mzazi

S ya ulimi nje ni jambo la kawaida kwa mtoto mdogo, na wengi huiacha wenyewe wakikaribia miaka mitano. Meno ya mbele yanapong'oka, kwenye miaka sita hadi minane, inaweza kurudi kwa muda. Cha pembeni hakimo katika ukuaji wa kawaida. Ukikisikia tafuta mtaalamu mapema. Mtoto akisema "thabuni", jibu "eeh, sabuni iko hapo," uendelee na habari yake. Usimkatize. Na usimruhusu mtu yeyote nyumbani amwige, hata kwa mapenzi.

Kikirudi

Kitarudi ukichoka, ukiugua mafua, ukiwekewa waya au meno mapya. Cha kwangu hurudi nikikosa usingizi. Nenda pembeni, piga t-t-t-tssss dakika mbili, sema "sasa sisi sita tusisite" mara tatu, polepole, kisha rudi ulikokuwa ukisema umalizie ulichoanza.